Kuni, Sanamu au Ushahidi? Picha ya Leleshwa Wakati wa Kiangazi

Maandiko ya wiki: Isaya 44:14–17, Mwanzo 2:9, Yeremia 1:11–12



Kuna mtu mmoja katika kitabu cha Isaya ambaye sisi watu wa Kikopey tunamjua vizuri sana. Nabii hamtaji jina. Anatuambia tu kwamba alikata mti, akaugawa mafungu mawili. Fungu la kwanza akaliwasha moto, akachoma nyama, akala akashiba, akajisifu kwamba mwili sasa umepata joto. Fungu la pili akalichonga, akalifanya mungu, akalipigia magoti na kuliomba limwokoe. Mimi nikimsoma mtu huyu naona moshi, nasikia harufu ya mbavu za mbuzi, naona magari yameegeshwa kando ya barabara kuu ya kwenda Nakuru. Huyu ni jirani yetu kabisa.

Mahubiri mengi niliyosikia juu yake yalihusu lile fungu la pili, lililofanywa sanamu. Na ni sawa, kwa sababu hapo ndipo nabii anapokaza. Wala Isaya hamlaumu kwa kula nyama. Lakini wiki hizi nimekuwa na swali lingine moyoni: je, mtu huyu aliwahi kuuona ule mti? Namaanisha kuuona, kabla hajainua shoka. Kwake mti ulikuwa na njia mbili tu: auchome au auabudu. Njia ya tatu hakuijua. Na ninaogopa kwamba wengi wetu hatuijui pia.

Swali hili limeletwa na picha iliyo kwenye ukuta wa darasa la watoto wetu.

Picha iliyoleta maneno

Kwa wale ambao hawakuwepo, nieleze kwa ufupi. Walimu wa shule ya Jumapili waliomba ukuta uchorwe mti wa Zaburi ya kwanza. Kazi akapewa kijana wetu mmoja ambaye riziki yake ni kuandika mabango na kuchora mbuzi na ng'ombe kwenye kuta za hoteli za nyama. Mara ya kwanza alileta karatasi yenye mnazi kando ya mto wa buluu, kama ile ya kwenye kalenda. Mwalimu akamuuliza, "Sasa watoto hawa mnazi wameuona wapi? Wachoree mti wanaoujua. Wachoree ule ulio kijani saa hii."

Ilikuwa Februari, na nyinyi mnaijua Februari yetu. Kule Ulaya kuna majira ya theluji, miti hupukutisha majani yote, na ule usiopukutisha huonekana peke yake. Sisi theluji hatuna. Kiangazi ndicho kinachotupima. Nyasi zinageuka rangi ya mkate, ng'ombe wanahesabika mbavu, vumbi linaingia mpaka ndani ya sufuria iliyofunikwa. Kijana akasimama mlangoni mwa kanisa, akaangalia huku na huku. Kilichokuwa na majani mabichi kilikuwa ni leleshwa.

Basi akaenda Jumamosi nne mfululizo, akakaa juu ya jiwe na ubao wake, akaichora leleshwa moja iliyosimama peke yake. Nyuma yake kunaonekana kile kilima cha Morani Aliyelala, ng'ambo ya ziwa Elementaita. Alipomaliza akaihamishia picha ukutani.

Jumapili ilipofunuliwa kulikuwa na manung'uniko ya aina mbili. Mama mmoja alicheka akasema, "Hiyo si mti, hiyo ni makaa." Na mzee mmoja akanong'ona, ingawa sote tulimsikia, kwamba tuwe waangalifu tusirudishe kanisani mambo ambayo baba zetu waliyaacha. Leo ni mti ukutani, kesho mtu atakuja kuuombea mvua.

Ninawaheshimu wote wawili, na ninataka kuwajibu wote wawili kwa Neno. Nitaanza na mzee. Yule mama nitamjibu baadaye, kwa sababu maneno yake ni maneno yangu mwenyewe ya miaka mingi.

Kwanza: Je, picha ya mti ni sanamu?

Mzee wetu anasimama juu ya Kutoka 20, na hapo ni mahali pazuri pa kusimama. Amri ya pili inakataza kufanya mfano wa kitu chochote na kukiinamia. Lakini endelea kusoma, usifunge Biblia hapo. Mungu yule yule, katika Kutoka 25, anaagiza kinara cha taa kitengenezwe kwa mfano wa maua ya mlozi. Katika Kutoka 28 anaagiza pindo la joho la Haruni lizungushiwe mfano wa komamanga. Ukifika 1 Wafalme 6 unaona kuta za hekalu zimechorwa mitende na maua pande zote, ndani na nje. Kuhani alipoingia kuhudumu alizungukwa na miti kila upande, na Mungu hakukasirika. Utukufu wake ulijaa humo humo.

Na ni nani aliyefanya kazi za namna hiyo jangwani? Bezaleli. Kutoka 31 inasema Mungu alimjaza Roho wake. Hapo alipewa ufundi wa mikono, kazi ya dhahabu, ya mawe na ya mbao. Sisi Wapentekoste tunapenda sana kuulizana, "Ndugu, umejazwa?" Tukumbuke kwamba miongoni mwa watu wa kwanza ambao Biblia inasema walijazwa Roho yumo fundi. Kwa hiyo kijana anayechora mbuzi kwenye ukuta wa hoteli asijione mdogo akiingia nyumba ya Bwana. Kipawa chake kina andiko.

Basi sanamu inajulikana kwa nini? Inajulikana kwa kile unachoiomba. Yule mtu wa Isaya aliliambia gogo limwokoe. Ile picha ya darasani hakuna aliyeiomba kitu. Watoto wanaiuliza tu kama kuna ndege aliyejificha kwenye tawi.

Lakini sitaki kumwacha mzee hapo, kwa sababu hofu yake ina historia. Wagikuyu wa zamani walisali chini ya mugumo, na mugumo haukukatwa ovyo. Wamaasai walikuwa na oreteti wao. Injili ilipokuja tukaacha kuinamia miti, na mimi sijutii hata kidogo. Damu ya Yesu inatosha. Ila jambo moja lilitokea ambalo hatukuliangalia. Ile hofu iliyokuwa inazuia panga iliondoka, na mahali pake hatukuweka kitu. Tulipoacha kuuinamia mti, tulishika shoka.

Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 na kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, anasimulia katika kitabu cha maisha yake kwamba alipokuwa mtoto mama yake alimkataza kuokota kuni chini ya mugumo fulani, akimwambia kwamba ule ni mti wa Mungu. Karibu na mti ule palikuwa na kijito. Aliporudi miaka mingi baadaye mti ulikuwa umekatwa, na kijito kimekauka. Baadaye akaelewa kwamba mizizi ya mti ule na maji yale vilikuwa na uhusiano.

Mimi nasema hivi: mama yule alikuwa na neno moja la kweli kuliko sisi wenye Biblia mkononi. Alijua mti una mwenyewe. Zaburi 24 inasema nchi na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana. Huna haja ya kuuogopa mti ndipo uuhurumie. Mwogope Mwenye mti.

Pili: "Hiyo ni makaa"

Sasa nimjibu mama yetu. Na hapa lazima nitoe ushuhuda, hata kama si wa kujivunia.

Nimechoma makaa. Wengi wenu mnajua, wengine mliyanunua. Watoto walikuwa shuleni, shamba lilikuwa dogo, mvua haikuwa ya kutegemea. Leleshwa ni mti mgumu, mzito, na makaa yake yanakaa na moto muda mrefu. Mwenye hoteli akiyapata haulizi bei mara mbili. Nililijua leleshwa kama mchinjaji anavyomjua mbuzi. Nikiliangalia nilikuwa nakadiria: hili ni gunia moja, lile ni nusu.

Jumamosi moja nikapita pale kijana alipokuwa anachora. Nikaona majani ameyapaka rangi ya majivu, mengine karibu meupe. Nikamwambia, "Wewe kijana, majani ni kijani, ama macho yako yana shida?" Akanijibu kwa heshima, "Ngoja upepo, mzee." Nikangoja, ingawa nilikuwa na haraka. Upepo ukapanda kutoka ziwani, na mti wote ukageuka mweupe mbele ya macho yangu, kisha ukarudi kama ulivyokuwa.

Jani la leleshwa juu lina kijani cha kijivu. Chini limefunikwa manyoya meupe, laini kama blanketi la mtoto. Wapendwa, nilikuwa nimekata matawi yake nisiyoweza kuyahesabu. Mikono yangu ilinuka kafuri ya majani yake mpaka usiku. Na sikuwa nimewahi kuutazama upande wa chini wa jani moja.

Katika Yeremia 1, mara tu baada ya nabii kuwekwa juu ya mataifa na falme, Bwana anamuuliza anaona nini. Yeremia anajibu kwamba anaona ufito wa mlozi. Bwana anamwambia ameona vyema. Angalia sana jambo hilo. Mtihani wa kwanza wa nabii ulikuwa kutazama tawi la mti na kulitaja jinsi lilivyo. Kama ningeulizwa mimi siku zile, ningejibu, "Bwana, naona magunia sita."

Baada ya siku ile nilirudi mara kadhaa, nikakaa karibu na yule kijana, yeye akichora na mimi nikitazama. Hebu niwaambie tuliyoyaona.

Lile blanketi jeupe chini ya jani lina kazi. Linazuia jani lisipoteze maji upesi, na hiyo ni sababu mojawapo leleshwa inabaki na majani wakati nyasi zimekufa. Wanyama wanaokula majani wanapata kitu cha kutafuna katika mwezi ambao hakuna kingine. Kuna leleshwa dume na leleshwa jike, kama mipapai. Maua yake ni madogo, ya rangi ya maziwa. Mbegu zake zimevikwa pamba nyeupe. Upepo unazibeba, na ndege wanaichukua pamba ile wakatandike viota. Wamaasai wamejua tangu zamani kwamba majani yake ni marashi. Na chini, mahali ambapo picha haiwezi kufika, mizizi imekamata udongo wetu huu wa majivu ya volkeno, ambao mnaujua: ukiachwa wazi, mvua moja kubwa inaupasua korongo.

Hakuna hata moja katika hayo linaloandikwa kwenye bei ya gunia.

Si jambo geni hapa bondeni mtu kujifunza mti kwa kuuchora. Kule Naivasha, kando ya ziwa, aliishi Joy Adamson. Wengi wanamkumbuka kwa habari za simba wake Elsa. Lakini alipokuja Kenya mwaka 1937, na kwa miaka mingi kabla ya simba huyo, kazi yake kubwa ilikuwa kuchora mimea ya nchi hii, mamia ya picha, jani kwa jani na ua kwa ua. Mwaka 1947 alipewa nishani ya dhahabu kule London kwa sababu ya picha hizo. Mtu anayechora namna hiyo hawezi kudanganya. Akifika kwenye jani lazima ajue kingo zake zikoje. Macho yanalazimika kupunguza mwendo, na yakipunguza mwendo, moyo unafuata.

Sasa fungua Mwanzo 2:9. Mungu alipootesha miti bustanini, andiko linataja sifa mbili. Ya kwanza ni kwamba miti ilipendeza macho. Ya pili ni kwamba ilifaa kwa chakula. Angalia mpangilio huo. Macho yanatajwa kabla ya tumbo. Tena rudi sura ya kwanza: miti iliumbwa siku ya tatu, na Mungu akaona ya kuwa ni vyema. Mwanadamu aliumbwa siku ya sita. Siku ile ya tatu hakukuwa na hoteli, hakukuwa na jiko, hakukuwa na mtu wa kununua gunia, na bado mti ulikuwa mwema. Kwa hiyo wema wa mti haukuanza na mimi kuuhitaji. Mimi nilipofika, niliukuta.

Na usiseme labda hayo ni ya mierezi ya Lebanoni na miti mingine mikubwa yenye heshima. 1 Wafalme 4:33 inasema Sulemani katika hekima yake alinena habari za miti, kuanzia mwerezi wa Lebanoni mpaka hisopo inayoota ukutani. Hisopo ni kamti ka chini, kasikokuwa na jina kubwa. Mwenye hekima alikajumlisha. Leleshwa ni hisopo yetu.

Tatu: Na mwenye njaa je?

Hapa najua mtu ananiambia kimoyomoyo, "Mzee, wewe watoto wako wamemaliza shule. Sasa ndio umeona uzuri wa majani." Ni kweli, na neno hilo linaniuma. Mtu aliyeshiba akimhubiria mwenye njaa juu ya uzuri wa mti, hiyo si injili. Yakobo 2 inatuonya tusimwambie ndugu asiye na nguo aende kwa amani akaote moto, bila kumpa kitu.

Tena nisisahau: baadhi ya mabati yanayotufunika tukisoma karatasi hii yalinunuliwa kwa sadaka ya makaa. Chai ya ushirika wetu inachemshwa kwa kuni. Hakuna mtu hapa wa kumrushia mwenzake jiwe.

Lakini Neno halituachi tu na machozi. Torati ilikuwa inajua watu watakula na watawasha moto. Kumbukumbu la Torati 22:6–7 inamruhusu mtu kuchukua makinda kwenye kiota, ila inamkataza kumchukua na mama yao. Sura ya 20 inakataza jeshi lililozingira mji kukata miti yenye matunda, hata katikati ya vita, ingawa linaruhusiwa kukata mingine. Unaona roho ya sheria hiyo? Kutumia kunaruhusiwa. Kumaliza kunakatazwa. Chukua makinda, mwache mama.

Na leleshwa yenyewe inalihubiri andiko hilo. Ukikata shina ukaacha kisiki na mizizi, kinachipuka tena. Nimeona kwa macho yangu. Lakini sisi wachomaji, matawi yakiisha, tunarudi na jembe na shoka kung'oa visiki, kwa sababu kisiki kina makaa mazito. Hapo ndipo tunapomchukua mama. Nilipofanya hivyo kwenye ukingo fulani, ukingo ule haukurudi.

Yule kijana alipofika kwenye upande wa kulia wa picha yake, alinyoosha kidole kwenye ukingo huo huo, bila kujua. Akaniuliza, "Mzee, na pale palikuwa na nini?"

Nikakaa kimya kidogo. Kisha nikamjibu, "Palikuwa na karo ya watoto wangu." Nilimwambia ukweli. Lakini usiku ule nililala nikijua kwamba haukuwa ukweli wote. Pale palikuwa na kitu ambacho Mungu alikiita chema kabla sijazaliwa, nami ningeweza kulipa karo bila kukimaliza, kama ningeacha visiki.

Basi tufanye nini? Nitasema machache tu, na yote yanawezekana.

Ndugu unayechoma makaa, acha kisiki. Ukikata, kata juu ya ardhi, uruhusu mti urudi. Mwenye shamba, hata la robo eka, tenga mstari mmoja wa miti ya kuni, ili siku ya shida ukate ulichopanda. Wewe mwenye hoteli, ambaye makaa yanakuja kwako kila alfajiri, muulize anayeleta ameyatoa wapi, na ukubali kumwongeza kidogo yule anayeacha visiki. Mteja wako anayelipa kilo mbili za mbuzi hataliona ongezeko hilo, lakini bonde litaliona. Nasi kama kanisa tuangalie jiko letu la chai, tutafute linalokula kuni kidogo.

Tusingoje serikali. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii. Julai 2023 Rais, akiwa kanisani Molo, hapa hapa kaunti yetu, akatangaza kuondoa marufuku hiyo, na mambo yakaenda mpaka mahakamani. Sheria inafungwa, inafunguliwa, inabishaniwa. Dhamiri ya mtu aliyeokoka haipaswi kungoja gazeti la serikali.

Mwisho: ushahidi, si picha ya marehemu

Wengine wameniuliza kwa nini ile picha haijamalizwa. Wanasema upande wa kulia kuna kilima kitupu, rangi ya udongo tu, na kijana aambiwe aongeze miti kidogo ili ipendeze. Nimewajibu kwamba imemalizwa. Alichora alichokiona. Ukingo ule mtupu ni wangu, na nimeomba usifunikwe.

Nimesema kwamba yule mtu wa Isaya alijua njia mbili tu, kuchoma na kuabudu. Njia ya tatu ni hii: kuutazama mti na kushuhudia. Unausimamia mbele za watu, unasema, "Hivi ndivyo ulivyo, na aliyeufanya ni Bwana." Mchoraji hakuiinamia leleshwa wala hakuikata. Alikaa mbele yake Jumamosi nne, na aliporudi nyumbani mti ulikuwa bado umesimama. Nasi tunajua neno hilo, kushuhudia. Ni kazi yetu kila Jumapili.

Ila tujihadhari. Picha haitoi kivuli. Nyuki hawezi kutua kwenye ua lililopakwa rangi, na ukuta haushiki udongo wa Gilgil. Kwetu, picha nzuri ya mtu inatafutwa sana siku amekufa, iwekwe mbele ya kitabu cha mazishi. Wengine hatukuwahi kuwaangalia vizuri mpaka siku hiyo. Isije ikawa wajukuu wetu wanaingia darasa lile, wanaelekeza kidole ukutani na kuuliza, "Huyu alikuwa nani?" Picha ile itutume nje, mahali mti wenyewe ulipo, tukiwa bado na mti wa kutazama.

Yeremia 17:8 inasema juu ya mtu anayemtumaini Bwana kwamba ni kama mti ambao hauogopi joto likija, jani lake hubaki bichi, na mwaka wa ukame hauhangaiki. Watoto wetu wakisoma andiko hilo hawahitaji tena mnazi wa kalenda. Watafungua mlango, waangalie nje mwezi wa Februari, waelewe nabii alikuwa anasema nini. Lakini wataelewa tu kama tutakuwa tumewaachia.

Mvua ya Aprili ikikaribia, mimi nitapanda ule ukingo na jembe langu. Safari hii si kwa ajili ya visiki. Anayetaka kunisindikiza, karibu. Na yule kijana ameniahidi kwamba mambo yakienda vizuri, miaka michache ijayo atarudi na brashi kwenye upande wa kulia wa ukuta.

Tuombe

Baba, nchi ni yako na vyote vilivyomo. Tusamehe kwa yale tuliyomaliza tukidhani tunatumia. Tupe macho ya kuona ulichokiita chema kabla yetu. Wape ndugu zetu wanaochoma makaa riziki isiyomaliza mama na makinda. Wabariki wenye mikono ya ufundi katikati yetu, na uwajaze Roho wako kama ulivyomjaza Bezaleli. Katika jina la Yesu. Amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Soma Isaya 44:14–17. Nabii analaumu nini, na halaumu nini?
2. Soma Mwanzo 2:9. Je, kuna kitu unachokitumia kila siku ambacho hujawahi kukitazama?
3. Katika kazi yako, "kuacha kisiki" kunaweza kuwa nini?

Andiko la kukariri: Yeremia 17:8.